Vita vya magari ya umeme: Mwenye betri ndiye mpanga bei

KWA zaidi ya miaka 15 sasa, kampuni kubwa za magari duniani zimekuwa zikikimbizana kutafuta kitu kimoja: gari la umeme ambalo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kulinunua, na ambalo halitamwacha njiani kwa kuishiwa chaji.

Aliye mbele leo katika mbio hizo si yule aliyekuwa akitajwa mwanzoni. Na sababu iliyomweka mbele inawagusa hata watu wasio na mpango wa kununua gari hilo, wakiwamo wachimbaji wa Kolwezi, wakazi wa Mahenge na mkulima anayenunua mbolea ya kupandia.

Ugumu ulikuwa kwenye betri

Kutengeneza mota ya umeme si kazi mpya. Kilichowashinda watengenezaji ni bei ya betri. Ukitaka gari liende mbali huna budi kuongeza betri, na ukiongeza betri bei nayo inapanda.

Mwaka 2008 kampuni ya Tesla ya Marekani ilianza kuuza Roadster, gari la watu wawili lililoweza kwenda karibu kilomita 390 kwa chaji moja. Bei yake ilikuwa karibu dola 100,000.

Mwishoni mwa 2010 Nissan ya Japani ikaleta Leaf, kwa takriban dola 33,000 katika soko la Marekani. Lakini kwa vipimo vya nchi hiyo, gari hilo lilikwenda kilomita 117 tu. Mnunuzi akabaki na mawili: aende mbali kwa bei ya matajiri, au alipe nafuu asitoke nje ya mji.

Mwishoni mwa 2016 General Motors (GM) ilijaribu kuziba pengo hilo kwa gari la Bolt, lenye uwezo wa kilomita 383 kwa takriban dola 37,500. Tesla nayo ilikuwa imeahidi Model 3 kwa dola 35,000. Uzalishaji wa Model 3 ulianza 2017, lakini toleo la bei iliyoahidiwa halikutolewa hadi 2019.

GM iliwahi sokoni, ila betri za Bolt zilitoka kwa kampuni ya LG ya Korea Kusini. Mwaka 2021 ililazimika kuyaita magari yote ya aina hiyo, zaidi ya 140,000, kutokana na hatari ya betri kushika moto. Uzalishaji wa Bolt ulisitishwa mwishoni mwa 2023.

Muuza betri ageuka muuza magari

Wakati hayo yakitokea, kampuni ya BYD ya China ilikuwa ikipita njia nyingine. Ilianzishwa mwaka 1995 mjini Shenzhen ikitengeneza betri, na magari yalifuata baadaye. Kwa hiyo kile ambacho wengine walinunua kwa bei kubwa, yenyewe ilikitengeneza kiwandani kwake.

Mwaka 2020 BYD ilitoa betri mpya ya lithiamu, chuma na fosfeti. Betri ya namna hii ina uzito mkubwa zaidi kwa nguvu ileile, lakini haitumii kobalti wala nikeli, madini ya gharama. Ni nafuu, inadumu, na si rahisi kushika moto.

Aprili 2023 kampuni hiyo ikaingiza sokoni gari dogo la Seagull, kwa bei ya kuanzia yuan 73,800, yaani chini ya dola 11,000. Kwa vipimo vya China, ambavyo ni vya ukarimu kuliko vya Marekani, linakwenda kilomita 305, na toleo la juu kilomita 405.

Mwaka 2025 BYD iliuza magari ya umeme mtupu zaidi ya milioni 2.2, wakati Tesla iliuza takriban milioni 1.6.

Vita hivyo vina majeruhi. China kwenyewe, bei zimeshushwa hadi baadhi ya watengenezaji wakafilisika, na mwaka 2025 serikali ilizikemea kampuni kwa kupunguza bei kupita kiasi. Nje ya China, Marekani mwaka 2024 iliweka ushuru wa asilimia 100 kwa magari ya umeme ya Kichina, na Umoja wa Ulaya ukaongeza wa hadi asilimia 35.3 juu ya ule wa kawaida wa asilimia 10.

Ushuru huo unawalinda watengenezaji wa huko, lakini mnunuzi wao ndiye anayelipa zaidi. Na magari yaliyozuiwa mlango mmoja hutafuta mwingine. Ethiopia, iliyopiga marufuku uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli mwaka 2024, ni soko mojawapo.

Mfanyabiashara anayeingiza magari yaliyotumika hana budi kuliangalia hili. Gari jipya likishuka bei, lililotumika nalo hushuka, na la umeme lina jambo la ziada: betri ikichoka, umbali unapungua. Anayenunua bila kupima afya ya betri ananunua mbuzi kwenye gunia.

Muuza malighafi yuko wapi?

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia. Mwaka 2022 tani moja ilifikia zaidi ya dola 80,000. Mapema 2025 ilikuwa karibu dola 21,000. Uzalishaji ulizidi, na wakati huohuo wenye viwanda walikuwa wakihamia kwenye betri zisizohitaji kobalti. Kongo ikasimamisha mauzo ya nje Februari 2025, kisha Oktoba ikaweka mgawo.

Mgawo unaweza kupandisha bei, lakini hauwezi kumlazimisha mwenye kiwanda arudi kwenye betri ya kobalti. Bei ikipanda sana, atazidi kuikimbia.

Tanzania ina kinywe huko Mahenge na mkoani Lindi, madini yanayohitajika katika betri za aina zote mbili. Hata hivyo, kazi ya kuyasafisha hadi kufaa kwa betri inafanywa zaidi na China. Fosfeti nayo ndiyo malighafi ya mbolea za DAP na TSP. Betri bado zinachukua sehemu ndogo, na mbolea sehemu kubwa, lakini mkulima amepata mshindani ambaye zamani hakuwapo.

Mkulima wa korosho wa Mtwara anaijua hadithi hii. Huuza korosho ghafi, ikabanguliwa India au Vietnam, na bei ikapangwa huko. BYD imetangulia kwa sababu inashikilia kazi nzima, kuanzia betri hadi gari. Nchi zenye kinywe zikiishia kuchimba na kusafirisha, zitakuwa zinasubiri kuambiwa bei, kama Kongo ilivyoambiwa.