Kujifungia Chumbani Hakutoshi



Mtoto akianguka hesabu, sisi wakubwa huwa na majibu tayari: mvivu, hana msingi, nyumbani hakuna anayemhimiza. Majibu hayo hayo yalitolewa Marekani miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wanafunzi Weusi walikuwa wakianguka kwa wingi katika kalkulasi, yaani hesabu za mabadiliko, na bila hiyo mtu hawi mhandisi.

Uri Treisman, aliyekuwa akisoma na kufundisha hapo, hakutosheka. Alichukua wanafunzi 20 Weusi na 20 wenye asili ya Kichina, akawafuata kuangalia wanavyodurusu. Alikuta wale Weusi si wavivu hata kidogo. Wazazi wao waliwahimiza sana. Walisoma saa 6 hadi 8 kwa wiki, kama walimu walivyoagiza, lakini karibu wote peke yao.

Wachina walifikisha kama saa 14. Nao walianza peke yao, tena kwa saa nyingi. Kisha jioni walikutana, pengine wakapika pamoja, wakalinganisha majibu. Aliyepata jibu la peke yake alijua hapo hapo amekosea, na mwenzake akamwonyesha. Swali likiwashinda wote, walijua ni gumu kweli. Anayesoma peke yake akikwama hudhani kasoro ni yake tu.

Treisman akaanzisha vikundi. Hakuwapa maswali mepesi ya kufidia (hapa ndipo wengi wetu hukosea), aliwapa magumu, na waliojiunga wakafaulu vizuri zaidi.

Sisi watu wa chuoni tulistahili kulijua hili zamani. Nani anahifadhi juzuu bila wa kumsikiliza? Lakini kijana huyo huyo akishika daftari la hesabu tunamfungia chumbani, tunamkataza wenzake, kisha tunalipia tuisheni. Najua hofu ya wazazi: vikundi hugeuka baraza la porojo. Ni kweli, na asiyehangaika na maswali kwanza huja kunakili tu. Basi sharti liwe hilo: asiyekuja na kazi aliyoijaribu mwenyewe arudi nyumbani.

Alhamisi baina ya Magharibi na Isha madarasa yetu ni matupu. Naiomba kamati ifungue moja kwa wavulana na jingine kwa wasichana, na wazee wenye elimu ya hesabu wajitokeze kuwasimamia.