Laptopu ni yetu, ufunguo ni wa nani?

Kuku wako, manati ya nini? Ndivyo wazee wetu wanavyomuuliza mtu anayehangaika kukipata kitu ambacho ni mali yake mwenyewe. Leo swali hilo tunalipeleka kwa watengenezaji wa kompyuta, kwani wamiliki wengi wa laptopu wanakiwinda kwa manati kitu walichokwisha kukilipia.

Tuanze na joto. Kwa sisi tunaofanya kazi ya habari tukiwa mbali na kwetu, laptopu ndiyo chumba cha habari, ndiyo studio na ndiyo maktaba. Yetu ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 8, na tuliinunua ikiwa imeshatumika. Kila tulipokaa kuhariri mahojiano ya video, feni ilinguruma kama mashine ya kusaga, joto likafika nyuzi 97 za Selsiasi, na mashine ikaanza kujipunguzia mwendo ili isiungue. Kazi ya dakika 20 ikawa inachukua nusu saa na zaidi. Tukaifungua, tukapuliza vumbi, tukabadilisha grisi ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa. Nafuu ikawa ndogo.

Ndipo tulipojifunza kupunguza volteji, na maelezo yake si magumu. Umeme unaoliwa na prosesa ikiwa kazini hufuata mraba wa volteji. Ukiishusha kwa asilimia 10 bila kupunguza mwendo, matumizi hayo hushuka kwa karibu asilimia 19, na umeme usioliwa haugeuki joto. Mwendo haupotei. Tena huongezeka, kwa sababu mashine iliyopoa haina haja ya kujizuia.

Kwa nini basi kiwanda hakiishushi chenyewe? Ni kwa sababu prosesa hazifanani hata zikitoka katika mtambo mmoja. Kiwanda ni kama fundi anayeshona sare za shule nzima kwa kipimo kimoja: huongeza kitambaa ili hata mtoto mkubwa kuliko wote aenee, na wengine wanabaki kuelea ndani ya nguo. Volteji ya kiwandani ndiyo hiyo sare. Anayepunguza anaikata nguo imkae mwenyewe.

Kazi yenyewe hufanywa kwa programu ya bure kama ThrottleStop. Sisi tulishuka milivolti 10 kila hatua, na kila hatua tukaipa mashine kazi nzito ya muda mrefu. Haraka haraka haina baraka: ukishusha kupita kiasi, kompyuta huganda au hujizima, na kazi ambayo hukuihifadhi hupotea. Kwa hiyo tulihifadhi nakala za mafaili kwanza, wala hatukuiruhusu programu ijiwashe pamoja na kompyuta mpaka siku kadhaa zilipopita salama. Kabla ya hapo, kosa likitokea, unazima na kuwasha tu, volteji inarudi ilipokuwa. Tulisimama kwenye milivolti 80. Kazi ile ile sasa ikafanyika kwa nyuzi 82, na feni ikanyamaza.

Raha hiyo haikudumu. Siku moja tulikubali sasisho la BIOS, yaani ile programu ya msingi inayoiamsha kompyuta. Maelezo yaliyoambatana nalo yalisema tu kwamba usalama umeboreshwa. Tulipowasha tena, sehemu ya volteji ilikuwa imefungwa, na joto likarudi kule kule.

Kufuli hilo lina historia. Mwezi Desemba 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz na KU Leuven walitangaza shambulio walilolipa jina la Plundervolt. Walionyesha kwamba mtu akiishusha volteji kwa makusudi prosesa ikiwa inapiga hesabu, anaweza kuifanya ikosee ndani ya SGX, chumba cha siri kilichomo katika prosesa za Intel, na hapo akaiba funguo za siri. Intel ikatoa marekebisho, nao watengenezaji wa laptopu wakayasambaza kupitia masasisho ya BIOS. Udhibiti wa volteji ukafungwa kwa watu wengi.

Sisi si watu wa kuudharau usalama. Mwandishi aliyeikimbia nchi yake anajua thamani ya siri. Signal, ambayo wengi wetu tunaitegemea, hutumia SGX katika seva zake, na huko kufuli libaki na likazwe. Lakini laptopu ya mtu si seva. Anayetaka kulifanya shambulio hilo sharti kwanza awe na mamlaka ya msimamizi juu ya kompyuta yako, na mwizi aliyefika hapo ameshaingia sebuleni. Watafiti wenyewe waliandika kwamba asiyetumia SGX hahitaji kuchukua hatua yoyote. Kwenye laptopu za nyumbani, kazi ya SGX iliyojulikana zaidi ilikuwa kuchezesha diski za filamu za Blu-ray za 4K! Na kuanzia kizazi cha 11, Intel yenyewe ikaanza kuiondoa SGX katika prosesa za matumizi ya kawaida. Mgeni ameondoka, sisi bado tumefungiwa mlango kwa ajili yake.

Wanaoumia ni akina nani? Anayeweza kununua mashine mpya hana habari. Wanaoumia ni wenye mashine za zamani, zikiwemo tunazowapelekea ndugu na wenzetu Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura. Laptopu inayolalamika katika chumba cha nyuzi 20 hapa Ulaya itafanyaje katika chumba cha nyuzi 32? Na umeme ukikatika, kila wati iliyookolewa ni dakika ya betri.

Hatumshauri mtu akatae masasisho ya usalama, kwani mengi yanaziba matundu ya kweli. Tunachodai ni mambo mawili. Kwanza, kufuli lije limefungwa, lakini ufunguo uwekwe ndani ya BIOS, pamoja na onyo kali, ili mwenye mali aamue. Hilo linawezekana, maana wapo watengenezaji walioliweka. Pili, sasisho linaloondoa uwezo wa mashine liseme hivyo waziwazi kabla mtu hajabonyeza kukubali.

Duka likishapokea fedha na kutoa risiti, kuku ni wa mnunuzi. Tusilazimishwe kumwinda kwa manati.