Mkono wa Mgonjwa Upimwe Wiki ya Kwanza

"Tutaona." Hilo ndilo jibu analopewa ndugu wa mgonjwa wa kiharusi anapouliza kama mkono utarudi. Akiuliza siku ya tatu, tutaona. Akiuliza siku ya kuruhusiwa, anaambiwa mgonjwa afanye mazoezi na wamtangulize Mungu. Jibu hilo ni dhuluma. Linatolewa kwa upole, mara nyingi na daktari aliyechoka mwenye wodi iliyojaa, lakini linabaki kuwa dhuluma, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoulizwa inapimika.

Kutoka geti la hospitali ya Muhimbili, kupitia Faya hadi Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ni mwendo wa miguu. Kariakoo yote inaendeshwa kwa mikono: fundi cherehani, mpagazi, mkata vitambaa, mama anayefunga mzigo wa kwenda mkoani. Mkono wa kulia wa baba ukilala, familia ina maamuzi ya kufanya ndani ya wiki chache. Waishikilie fremu ya duka au waiachie wapokee kilemba? Kijana aache chuo asimame dukani? Mzee arudishwe kijijini? Kila moja ya maamuzi hayo linategemea swali lile lile ambalo hospitali imelikwepa. Na pale tunaponyamaza sisi wa hospitali, wengine wanasema: huyu anadai mzee katupiwa jini, yule anauza mafuta ya kukanda kwa bei ya kodi ya miezi. Siwezi kuwalaumu ndugu wanaokwenda huko. Wameahidiwa jibu.

Wala si jambo la watu wachache. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Hai, Kilimanjaro, kati ya 2003 na 2006 na kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba baada ya kusawazisha tofauti za umri, Dar ilipata wagonjwa wapya wa kiharusi takriban 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Hai walikuwa takriban 109. Jiji hili lilipigwa karibu mara tatu ya Hai, na wanaonusurika wanabaki na mikono iliyolala.

Sasa tazama jinsi kipimo cha kwanza kilivyo rahisi. Siku ya tatu baada ya kiharusi mgonjwa anaambiwa ainue mkono pembeni kutoka begani, kisha anyooshe vidole. Kila tendo linapewa alama kuanzia 0 hadi 5. Jumla ikifika 5 au zaidi, kuna matumaini ya kweli kwamba ndani ya miezi mitatu mkono utarudi vizuri. Hakuna mashine hapo. Hakuna umeme wala mkopo wa benki. Hiyo ni hatua ya kwanza ya utaratibu uitwao PREP2, uliotengenezwa na Cathy Stinear na wenzake huko Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2017. Wodi inayoshindwa kuandika namba hizo mbili kwenye faili haina kisingizio cha umaskini.

Wanaopata chini ya 5 ndio wenye shida kubwa, na ndio ninaowapigania hapa. Wagonjwa wawili wamelala vitanda jirani, mikono yao imelegea sawasawa. Mmoja, njia ya fahamu inayotoka kwenye ubongo kwenda mkononi bado ipo, mwingine imeharibika. Hakuna daktari, hata awe bingwa namna gani, anayeweza kuwatofautisha kwa macho. Sumaku inaweza. Koili inawekwa juu ya kichwa, upande wa ubongo ulioumia. Umeme unapita ndani yake kwa muda mfupi kuliko milisekunde moja, nguvu ya sumaku inapenya fuvu bila kuchana ngozi na kuamsha umeme mdogo katika sehemu ya ubongo inayotawala mkono. Amri inashuka, inavukia upande wa pili, inapita uti wa mgongo, na baada ya takriban milisekunde 20 msuli unaitika. Vibandiko kwenye ngozi vinanasa mwitiko huo hata kama jicho halioni kidole kikitikisika. Ukipatikana kati ya siku ya 3 na ya 7, mkono huo ulioonekana umekufa una njia ya kurudia.

Anayeita hii teknolojia ya kesho ajue kwamba Anthony Barker na wenzake waliionyesha Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, kwa kanuni ambayo Michael Faraday aliigundua mwaka 1831.

Nitajibiwa kwamba dawa za presha zije kwanza. Zije, tena jana! Lakini hoja hiyo isitumike kumziba mdomo mtu ambaye kiharusi kimeshampiga. Nitaambiwa pia kwamba vifaa ni ghali. Utaratibu wa awali wa Auckland, wa mwaka 2012, ulihitaji hata picha za MRI, PREP2 ikaziondoa. Nasi hapa Upanga tuna Muhimbili, taasisi ya mifupa ya MOI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na chuo cha tiba cha MUHAS, vyote eneo moja. Mashine moja ya sumaku na wataalamu wachache waliofundishwa wanaweza kuhudumia wodi zote za hapo, na mwanafunzi wa fiziotherapia akajifunza hapo hapo.

Kuna hofu moja ninayoiheshimu: kwamba mgonjwa ambaye msuli wake haukuitika ataandikiwa kushindwa na kusahauliwa. Utabiri wa PREP2 hupatia kwa wagonjwa wapatao robo tatu, hivyo hakuna ruhusa ya kumtupa mtu kwa sababu yake. Huyo ndiye anayehitaji mtaalamu zaidi: bega lilindwe lisiume, vidole visijikunje, mkono mzima ufundishwe kushika kazi mapema. Na kuna wasiofaa kupimwa kwa sumaku, kama mwenye chuma ndani ya kichwa au kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Hayo ni mambo ya kuuliza kabla, kama tunavyouliza kabla ya MRI.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wizara ya Afya iweke kipimo hiki cha mkono ndani ya kitita cha mafao ya bima hiyo, pamoja na miezi mitatu ya fiziotherapia, kwani kupima mkono kisha kumnyima mtu mazoezi ni ukatili wa aina nyingine. Nawe mwenye mgonjwa wodini, siku ya tatu muulize daktari: bega limepata alama ngapi, vidole vimepata ngapi, na kama jumla haifiki 5, njia ya fahamu itapimwa lini? Omba majibu yaandikwe kwenye faili kabla mgonjwa wako hajaruhusiwa.