Mwalimu Alikuwa na Sababu. Leo Sababu Ni Ipi?

Makamanda, juzi nilikuwa kijiweni Kaloleni, si mbali na Makumbusho ya Azimio la Arusha. Ubishi ukanoga. Nikasema Rais wa nchi hii ana madaraka makubwa mno. Mzee mmoja, kada wa chama tawala, akaweka kikombe cha kahawa chini: "Binti, hata Mwalimu alikuwa nayo. Mbona nchi ilisimama?" Watu wakacheka. Mimi nikakosa jibu la haraka, na kwa mwanafunzi wa sheria hiyo ni aibu. Jibu langu ni hili.

Kwanza tusidanganyane. Wengi wetu tunamsema Mwalimu kana kwamba alirithi nchi iliyokamilika. Hapana jamani. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata bendera, serikali yenyewe ilikuwa bado kujengwa. Kitivo cha kwanza cha sheria kilikuwa kimefunguliwa Oktoba tu, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wasiofika 20. Vyeo vingi vya juu serikalini na jeshini vilikuwa bado mikononi mwa Waingereza. Wiki sita baadaye Mwalimu akajiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Akarudi 9 Desemba 1962 akiwa Rais wa kwanza, baada ya kumshinda Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura.

Halafu Januari 1964 askari wa kambi ya Colito wakaasi, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kizungu. Rais akalazimika kujificha. Mwisho ikabidi aombe msaada wa jeshi la Uingereza, wakoloni walewale walioshusha bendera yao miaka miwili kabla. Hebu jiweke pale. Hofu yake ilikuwa ya kweli.

Ishu ni dawa aliyoitumia. Katiba ya 1962 ilisema Rais halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote. Mwaka huohuo ikaja Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini: Rais anasaini, mtu anawekwa ndani bila mashtaka, na amri ile haihojiwi na mahakama yoyote. Baada ya maasi, viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakakamatwa, shirikisho lao la TFL likavunjwa, ikaundwa NUTA chini ya mkono wa serikali. Mwaka 1965 tukawa nchi ya chama kimoja kisheria. Hati ya haki za raia ilikataliwa tangu Katiba ya uhuru, kwa hoja kwamba majaji wageni wangeitumia kukwamisha mipango ya serikali changa. Tuliipata 1984.

Sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru hili linatugusa kwa namna ya pekee. Mwaka 1951 wakoloni waliwafukuza Wameru Ngarenanyuki ili kuwapisha walowezi. Nyumba zikachomwa. Wazee wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, akapeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, New York. Hawakurudishiwa ardhi siku ile, lakini walisikilizwa, na dunia ikajua. Sasa linganisha. Mmeru asiye na uhuru alipata mahali pa kumshtaki mkoloni. Miaka kumi baadaye, raia huru aliyewekwa kizuizini na serikali yake mwenyewe hakuwa na mahakama ya kuihoji amri ile. Kila nikilifikiria hili nakosa raha.

Kwa hiyo mzee wangu, jibu ni hili: Mwalimu alikuwa na sababu. Mimi naona alikosea kuifungia mahakama mlango, lakini sababu alikuwa nayo. Leo sababu ni ipi? Majaji ni Watanzania. Jeshi ni letu. Wanasheria wamejaa hadi wengine wanatafuta ajira. Dharura imekwisha, madaraka ya dharura yamebaki. Fungua Katiba ya 1977, ibara ya 37: Rais bado halazimiki kufuata ushauri, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka. Soma ibara ya 41(7): akishatangazwa na Tume, hakuna mahakama inayoweza kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mwalimu mwenyewe aliwahi kukiri kuwa Katiba ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Tulinusurika kwa hulka ya mtu, na hulka hairithishwi pamoja na kiti. Tume ya Nyalali ilizitaja sheria kandamizi 40. Tume ya Warioba ikatuletea rasimu mwaka 2013. Tangu hapo ni danadana.

Na sasa neno letu wenyewe, hata kama litauma. Siku tukishika dola, nasi tutakuwa na hofu za kweli. Kutakuwa na watumishi wasiotutaka, njama, pengine migomo. Atatokea mmoja wetu aseme, "Makamanda, tuyaache madaraka haya kwa muda, nchi bado changa." Tutampigia makofi? Kama jibu ni ndiyo, basi hatuipingi mamlaka hii, tunaisubiri zamu yetu.

Ndiyo maana Katiba Mpya haiwezi kuwa ajenda ya kumwondoa fulani tu. Tuidai ile itakayomfunga mikono Rais wa chama chetu kama itakavyowafunga wa kwao. Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja asome ibara ya 37 na ya 41, zote mbili hazimalizi hata kikombe cha kahawa. Mimi narudi Kaloleni. Yule mzee ananidai jibu, na safari hii ninalo.