Koo la mtoto na milango ya moyo



Malaria, kuhara na vyandarua tumevizungumza sana, na tutaendelea kuvizungumza. Leo naomba nafasi hii nitoe maoni yangu kuhusu moyo. Wengi tunadhani ugonjwa wa moyo ni wa wazee, au wa watu wanene wa mjini wenye magari. Mimi sikubaliani. Kwa maoni yangu, ugonjwa wa moyo unaotupasa kuuogopa zaidi sisi tunaoishi kambini ni ule unaompata mtoto wa shule, na unaanzia kooni.

Kwanza tuelewane moyo ni kitu gani. Ukimuuliza mtu moyo unamuuma wapi, mara nyingi ataweka mkono kwenye chembe cha moyo, pale juu ya kitovu chini ya mbavu. Pale lilipo ni tumbo. Moyo wenyewe uko kifuani, katikati ya mapafu mawili, umeegemea kidogo upande wa kushoto. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenye moyo huo. Kunja ngumi yako uitazame. Hiyo ni pampu ya nyama, na ndani yake mna vyumba vinne, viwili vya juu vinavyopokea damu na viwili vya chini vinavyoisukuma. Katikati kuna ukuta unaotenga kulia na kushoto. Upande wa kulia unapokea damu iliyochoka kutoka mwilini na kuipeleka kwenye mapafu ikachukue hewa safi ya oksijeni. Upande wa kushoto unaipokea ikitoka kwenye mapafu na kuisukuma mwili mzima, kutoka kichwani hadi kwenye vidole vya miguu. Ndiyo maana ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kuliko vingine vyote.

Kazi ya pampu hii ni kubwa kuliko tunavyodhani. Moyo wa mtu mzima aliyekaa tu bila kazi unasukuma karibu lita 5 za damu kwa dakika. Ingekuwa ni maji, ungejaza dumu la lita 20 kwa dakika 4, na kwa siku nzima, usiku na mchana, ungejaza madumu 360. Wewe mama unayeamka alfajiri kupanga madumu matatu bombani unajua 360 maana yake nini. Unapiga mara 70 hivi kwa dakika, zaidi ya mara 100,000 kwa siku, na hauna siku ya mapumziko.

Sasa, pampu haiwezi kufanya kazi bila milango. Waliowahi kutumia pampu ya mkono wanajua: kile kimpira cha ndani kikichakaa, unapiga mkono wa pampu mpaka bega linauma, maji yanapanda kidogo halafu yanarudi chini. Moyo nao una milango minne, ambayo wataalamu wanaiita vali. Ni vipande vyembamba vinavyofunguka upande mmoja tu. Damu ikipita, vinajifunga isirudi ilikotoka. Ile sauti ya du-du, du-du unayoisikia ukiweka sikio kwenye kifua cha mtoto ni milango hiyo ikijifunga, miwili kwanza, kisha miwili mingine. Daktari anapoweka kile chombo chake cha kusikilizia kifuani, hapotezi muda. Mlango usiofunga vizuri, au usiofunguka vizuri, unatoa mvumo ambao sikio lililofundishwa linautambua.

Nini kinaharibu mlango wa moyo wa mtoto? Kuna kijidudu kinachoitwa streptokoka. Kinaleta mafindofindo, au tonsesi kama wengi tunavyosema. Mwili wa mtoto unapigana nacho, na kwa kawaida unashinda. Lakini kwa watoto wachache, hasa wa miaka 5 hadi 15, askari wa mwili wanachanganyikiwa. Sura ya kijidudu inafanana na sehemu fulani za mwili wenyewe, kwa hiyo wiki mbili au tatu baadaye, koo likiwa limekwisha kupona na mama amesahau, askari wale wanaanza kushambulia maungo na moyo. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Maungo yatapona. Milango ya moyo inaweza kubaki na makovu, na kila homa ikirudi inaongeza kovu juu ya kovu, mpaka mlango unakakamaa na kuwa mwembamba, au unabaki wazi damu inarudi nyuma.

Ugonjwa huu unapenda mahali watu wanapobanana. Ulaya uliua watoto wengi zamani, ukapungua nyumba zilipokuwa bora na dawa ya penisilini ilipopatikana. Hema moja lenye watu wanane wanaolala bega kwa bega, wakikoholeana usiku kucha, ndilo linaloufaa. Hatuwezi kuongeza ukubwa wa hema, jambo hilo haliko mikononi mwetu. Lakini koo la mtoto liko mikononi mwetu.

Nasema hivi kwa sababu ya kilimi. Wengine wanakiita kimio, Warundi wanasema ikirimi. Mtoto akikohoa, akikataa kula, akilia koo, bibi anasema kilimi kimerefuka, na anapelekwa kwa mzee anayekikata. Nawaheshimu wazee wetu, na ninajua anayempeleka mtoto kule anampenda. Hata hivyo lazima niseme wazi: kukata kilimi hakuui streptokoka hata mmoja. Kijidudu kinabaki kwenye mafindo, na sasa mtoto ana kidonda juu yake, wembe huenda umepita kwenye midomo mingine mitatu asubuhi hiyo, na damu inaweza kukataa kukatika. Pepopunda na Virusi vya Ukimwi vinapita njia hiyo. Wiki tatu baadaye goti likivimba, nani atakumbuka koo?

Kuna akina mama watakaonijibu, “Nilienda posti ya afya, nikapanga mstari tangu saa moja, nikarudi na panadoli.” Ni kweli, na nawaelewa, siku nzima imepotea na kuni hazijatafutwa. Ila mjue kwamba maumivu mengi ya koo yanaletwa na mafua, na hayo hayahitaji zaidi ya panadoli na maji. Mtoto mwenye makamasi, kikohozi na sauti iliyokauka mara nyingi ni wa mafua. Wa kumkimbiza ni yule ambaye koo limemshika ghafla, ana homa, hakohoi, mafindo yamevimba na kuwa mekundu, pengine yana madoa meupe, na ukipapasa chini ya taya unakuta uvimbe unaouma. Ukifika kwa tabibu yaseme hayo yote, usingoje kuulizwa. Akiona ni streptokoka, atampa mtoto sindano moja ya penisilini au dawa za kumeza za siku 10. Siku 10 maana yake 10. Siku ya tatu mtoto anacheza mpira, na dawa zilizobaki zinafichwa kwenye kikopo kwa ajili ya mdogo wake. Tafadhali, hapo ndipo tunapoharibu. Hata ukichelewa kidogo nenda, kwa kuwa dawa ikianza kabla ya siku ya tisa ya ugonjwa bado inaweza kuzuia homa ya baridi yabisi.

Na kama koo lilikwisha kupita bila dawa, angalia dalili hizi. Maungo makubwa yanauma kwa kuhamahama, leo goti, keshokutwa kiwiko. Mtoto anachoka kupita wenzake, anahema akipanda kilima. Wengine mikono inaruka yenyewe, kalamu inaanguka, uso unajikunja, na mwalimu anamwadhibu akidhani ni utundu. Nyumbani wanasema ana pepo. Waombeeni, sikatazi, lakini pelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mtoto aliyeonekana na homa hii anatakiwa kuchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, wengine mpaka wapite miaka 20. Najua sindano hiyo inauma. Mtoto wa darasa la nne anajificha siku ikifika, na mama anachoka kumkimbiza. Lakini inafanya kazi. Kaskazini mwa Uganda watafiti walifuatilia kwa miaka miwili watoto 818 ambao milango ya moyo ilikuwa imeanza tu kuumia, wakatoa matokeo mwaka 2021. Kati ya waliochomwa sindano kila mwezi, hata mmoja kati ya 100 hakufika kati ya wale ambao moyo ulizidi kuharibika. Kwa wasiochomwa walikuwa kama 8 kati ya 100.

Hapa nina ombi pia kwa wenzetu wa shirika. Watoto hawa wasipangwe mstari mmoja na wagonjwa wa siku hiyo. Wapewe siku yao, mapema kabla ya shule, na sisi wahudumu wa kujitolea tupewe orodha ya wa zoni zetu ili asiyefika tumfuate nyumbani jioni ile ile. Haigharimu kitu zaidi ya daftari.

Nawafikiria hasa wasichana. Mlango uliokuwa mwembamba tangu utotoni unaweza kunyamaza miaka kumi. Kisha msichana anaolewa, anapata mimba, na damu mwilini inaongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Pampu inashindwa. Anahema usiku, analala ameketi, miguu inavimba, na watu wanaanza kutafuta nani amemroga. Kufikia hapo dawa yake huenda ni upasuaji, na kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Rufaa ya namna hiyo haipatikani kwa kila anayeihitaji.

Neno moja kwa wanaojiandaa kusafiri. Ukijiandikisha kurudi nyumbani, au familia ikipata nafasi ya kwenda nchi nyingine, kadi ya sindano ya mtoto isifungwe kwenye mzigo unaopakiwa juu ya gari. Iweke pamoja na karatasi zako za safari, mwombe muuguzi aandike tarehe ya sindano ya mwisho na tarehe ya inayofuata, na ukifika uionyeshe kituo cha afya cha kwanza utakachokikuta, kabla wiki 4 hazijaisha.