Redio Isiyojibu Haina Wasikilizaji

Katika mji mmoja mdogo wa wilaya uko mlingoti wa redio juu ya kilima, na chini ya kilima hicho liko benchi la wanywa kahawa. Asubuhi moja tuliketi pale. Redio ya mji ilikuwa hewani na kipindi cha mazungumzo juu ya mbolea, jambo linalomgusa kila aliyekuwapo, maana wote ni wakulima au watoto wa wakulima. Lakini redio ya muuza kahawa ilikuwa imefunguliwa kituo cha Dar es Salaam, na wazee walikuwa wakisikiliza ubishi wa Simba na Yanga. Tukamwuliza mwenye birika: "Mzee wetu, mbona hufungui redio yenu?" Akajibu bila kuinua macho: "Wale husema wenyewe, hujijibu wenyewe. Sisi twaongeza nini pale?"

Tulinyamaza, kwa kuwa hatukuwa na jibu. Leo twataka kulisema jambo hili wazi mbele ya wanachama, maana si jambo la watangazaji peke yao. Redio ya wilaya ni baraza la mtu asiye na nauli ya kwenda ofisini kwa Mkuu wa Wilaya. Baraza hilo likikosa watu, watu hawaachi kusema. Huhamia redio mbao, na redio mbao haina mhariri, haina anwani, wala hairudi kesho kusahihisha uongo wa jana.

Wako wasemao kwamba zamani watu walisikiliza kwa sababu hawakuwa na la kuchagua. Neno hilo lina kweli ndani yake. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania chini ya Serikali. Kwa miaka mingi Tanzania Bara mtu alifungua redio hiyo au redio za nje. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa wengine, na mwaka uliofuata Radio One na Radio Tumaini zikawa hewani. Tangu hapo vituo vimeota kama uyoga baada ya mvua.

Lakini upweke wa redio haufungi sikio la mtu. Asiyependa huzima, akaokoa betri zake. Redio Tanzania ilisikilizwa kwa sababu mtu alijikuta ndani yake. Aliandika kadi ya salamu, akangoja kusikia jina lake na la shemeji yake aliye Tabora. Alisikiliza matangazo ya vifo ili asikose mazishi ya nduguye. Alicheka na Pwagu na Pwaguzi kwa kuwa aliwajua watu wa namna ile mtaani kwake.

Na mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, redio katikati, kitabu mkononi. Kipindi kilipokwisha hawakutawanyika. Walijadili, wakaamua, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Somo la malaria na kichocho halikuwa tamu kuliko muziki. Watu walikaa kwa sababu baada ya maneno kulikuwa na tendo, na mwenye kutenda alikuwa ni wao wenyewe.

Tazama pia Radio Kwizera ya Ngara, iliyozaliwa mwaka 1995 katikati ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi. Mtu aliyekimbia nyumba yake habembelezwi kusikiliza. Ataka kujua chakula kitagawiwa lini, na kama njia ya kurudi kwao i salama. Mpe mtu habari ambayo bila hiyo siku yake itaharibika, naye atakutafuta mwenyewe.

Basi tulinganishe na vipindi vingi vya mazungumzo katika vituo vidogo vya leo.

Kwanza, redio ya wilaya husema habari za Dar es Salaam. Asubuhi nzima mtangazaji husoma magazeti ya mjini, nani kasema nini na nani kamjibu nani, na huku daraja la kata ya jirani limechukuliwa na maji na wagonjwa wanabebwa mabegani. Kama ni habari za Dar es Salaam, vituo vya Dar es Salaam vinazijua zaidi, vina sauti safi zaidi, na milingoti yao imefika mikoani. Anayeshindana na tajiri katika duka la tajiri hana budi kushindwa. Kituo kidogo kina mali moja tu ambayo mkubwa hana, nayo ni daraja lile lililovunjika.

Pili, saa. Mazungumzo ya kilimo huwekwa saa 4 asubuhi, mkulima yuko shambani. Mazungumzo ya wanawake huwekwa wakati mama yuko kisimani au jikoni. Saa hizo zamfaa mgeni wa ofisini, kwa sababu ndizo saa zake za kazi. Kipindi kimepangwa kwa ajili ya msemaji, halafu twashangaa kumkosa msikilizaji.

Tatu, umaskini. Hili tulitaje kwa heshima, kwa kuwa vijana wengi wa vituo hivi hufanya kazi kwa posho ya nauli, na wengine bure kabisa. Akishajua kazi, kijana huchukuliwa na kituo kikubwa, na wasikilizaji waliozoea sauti yake huondoka naye. Wafanyabiashara wa wilayani ni wachache, kwa hiyo kituo huishi kwa matangazo ya michezo ya kubahatisha na ya waganga wanaotibu kila kitu, au kwa fedha za mradi. Mradi wa malezi ukija, mazungumzo ni malezi. Fedha zikiisha, kipindi hukatika katikati kama kamba mbovu, wala hakuna anayewaaga wasikilizaji.

Nne, lugha. Kanuni za utangazaji zataka Kiswahili au Kiingereza, na sisi ni watetezi wa Kiswahili, maana ndicho kilichotufanya taifa. Lakini Kiswahili gani? Kijana huchanganya Kiingereza katika kila sentensi, na mgeni wake wa ofisini huongeza maneno ya semina, na bibi aliyetoka Simanjiro au Sengerema hubaki mgeni katika lugha yake ya taifa. Asiyeelewa hapigi simu kuuliza maana. Huzima.

Tano, na hili ndilo kubwa, swali halijibiwi. Mama hutumia salio lake la mwisho kupiga simu. Auliza mbona dawa hakuna katika zahanati, na fedha walichanga. Mtangazaji humshukuru kwa mchango wake mzuri, kisha hupiga muziki. Mgeni husema jambo hilo linafanyiwa kazi. Juma la pili hakuna anayelikumbuka. Mama yule hatapiga tena, wala jirani yake aliyesikia. Mwishowe hubaki wapiga simu wale wale watano, ambao mtangazaji awajua kwa majina, na kipindi huwa mazungumzo ya rafiki.

Wengine husema simu za mkononi ndizo zilizoiua redio. Sisi twasema simu imefichua tu ugonjwa uliokuwapo. Katika kundi la simu mtu akiuliza bei ya mahindi hujibiwa kabla chai haijapoa. Watu hawakukimbia mazungumzo. Wamekimbilia mahali wanapojibiwa.

Sasa tujitazame sisi wenyewe, maana mwenye kidole cha kunyosha na akitazame kwanza. Ni nani mgeni yule anayefika amechelewa, akahutubia dakika arobaini, akaangalia saa na kusema ana kikao? Mara nyingi ni mtu wetu. Ni nani hutuma maswali yake mwenyewe kabla ya kipindi ili aulizwe hayo tu? Mara nyingi ni mtu wetu. Ni nani huacha bahasha mezani ili habari yake isomwe mara tatu? Na swali likiwa kali, ni nani humpigia mwenye kituo na kumkumbusha habari za leseni? Kituo maskini kikisikia neno leseni, hutetemeka. Kesho yake mtangazaji hachukui simu za watu, hupiga muziki. Tumempata mtangazaji mtiifu, na tumewapoteza watu wa wilaya nzima. Hiyo si faida kwa Chama. Kiongozi asiyeulizwa redioni ataulizwa siku ya kura, na siku hiyo hakuna muziki wa kumwokoa.

Yafaa nini basi? Kila swali la msikilizaji liandikwe katika daftari, na kipindi kinachofuata kianze na majibu ya maswali ya juma lililopita. Kama mhusika hakujibu, isemwe hivyo, kwa adabu na bila matusi. Vipindi vihamie jioni, watu wakiwa nyumbani. Mtangazaji ashuke kilimani na chombo chake cha kurekodi aende mnadani, kisimani na zahanatini, ili asiye na salio naye asikike. Halmashauri zilipe matangazo yao kwa wakati, maana deni la halmashauri ni mshahara wa kijana wa redio.

Na matawi yetu yasingoje kuamriwa. Tawi lenye redio moja na wanachama kumi lina kikundi cha kusikiliza, kama vile vya mwaka 1973. Sikilizeni pamoja, jadilianeni, andikeni swali moja lenye maana, mlipeleke. Na viongozi wa Chama waende redioni kama waendavyo mkutanoni, wakae mpaka swali la mwisho.

Tulipigania haki ya kusema tukaipata. Nusu ya pili ya haki hiyo ni kujibiwa, na nusu hiyo hatutapewa na mkoloni wala na mfadhili, itatoka kwetu wenyewe. Siku mwenye birika atakapofungua redio ya kilimani bila kuombwa, tutajua kazi imeanza.