Mnatuchorea Mitaro kwa Mvua ya Nani?

Kila masika anayelaumiwa ni mwananchi. Amejenga bondeni, ametupa taka mtaroni, hakusikia tangazo. Leo nataka lawama hiyo ipande ngazi, iingie katika ofisi ya mshauri elekezi, ikae mbele ya kompyuta inayosanifu mitaro yetu. Ndani ya programu hiyo kuna jedwali dogo la mvua ambalo wahandisi wengi mno hulipita bila kuligusa. Humo ndimo baadhi ya mafuriko yetu yanapopitishwa, kwa sahihi na muhuri, kabla mkandarasi hajakabidhiwa eneo la kazi.

Kazi ya jedwali hilo ni kuieleza programu ukali wa mvua ya mahali husika: inanyesha kwa milimita ngapi kwa saa ikidumu dakika 5, ikidumu nusu saa, ikidumu saa nzima. Tena inaelezwa kwa mvua za kila ngazi: mvua ya miaka 5, ya miaka 10, ya miaka 25. Mvua ya miaka 10 si ile inayokuja mara moja ikapumzika miaka tisa. Ni mvua ambayo kila mwaka ina nafasi moja kati ya kumi ya kufikiwa au kuzidiwa, na inaweza kurudi mwaka unaofuata.

Programu haijui kama mtaro unajengwa Tanga au Tabora, na wala haiulizi. Ukiiachia faili ya mfano iliyokuja nayo, itapiga hesabu kwa faili hiyo, itapanga makalavati, itachora chemba, itatoa ripoti ndefu yenye grafu za kupendeza. Hakuna taa nyekundu itakayowaka kukuonya kwamba mvua uliyotumia si ya kwenu. Ripoti ya kweli na ripoti ya uongo zinatoka kwenye printa zikiwa na sura moja.

Hesabu yenyewe ni ya zamani. Mhandisi Mulvaney aliieleza nchini Ireland mwaka 1851, na Emil Kuichling akaitumia kwa mitaro ya Rochester, New York, mwaka 1889. Unachukua ukali wa mvua, unauzidisha kwa ukubwa wa eneo, kisha kwa sehemu ya maji ambayo haizami ardhini. Jibu ndilo kiasi cha maji ambacho mtaro unapaswa kubeba. Katika namba hizo tatu, eneo hupimwa kwa ramani, na uso wa ardhi huonekana kwa macho: mabati, lami, bustani. Iliyobaki, mvua, ndiyo haipatikani kwa kutazama dirishani. Na hesabu haina huruma: ukiandika nusu ya ukali wa kweli, umechora mtaro wa kubeba nusu ya maji ya kweli.

Basi mvua gani inaandikwa? Programu nyingi tunazotumia zimetengenezwa Marekani, na zimebeba mvua ya Marekani. Wenzetu waliigawa nchi yao katika mitindo minne ya mvua ya saa 24: miwili ya upande wa Pasifiki, mmoja wa pwani ya Ghuba ya Meksiko na Atlantiki, na mmoja wa sehemu kubwa iliyobaki. Waliigawa hivyo kwa sababu walijua kwamba hata ndani ya nchi moja mvua hazifanani. Mhandisi wetu anafungua orodha hiyo, anachagua mtindo mmoja, anasonga mbele. Mtindo huo umetokana na vipima mvua vilivyosimama maelfu ya kilomita kutoka hapa, na kwao ulikuwa jibu halali la swali lao. Kuuleta Mbagala bila kuupima ni sawa na daktari kumpa mtoto dozi aliyoandikiwa mtu mzima wa wodi nyingine.

Wapo wanaojiona salama kwa sababu hawatumii faili ya Marekani. Wanatumia faili ya mradi wao uliopita: walisanifu barabara ya Dar es Salaam, jedwali likabaki kwenye kompyuta mpakato, sasa wamepata kazi ya bara, wanalibeba kama lilivyo. Hao nao wasipone, maana kosa lao linapimika.

Mwaka 1974 maabara ya Uingereza ya utafiti wa usafiri na barabara, TRRL, ilichapisha ripoti ya Fiddes, Forsgate na Grigg kuhusu kutabiri mvua kali za Afrika Mashariki. Ripoti hiyo iliona kwamba mvua za bara na za pwani zina tabia mbili tofauti. Kwa hesabu za mafuriko zilizofuata, sehemu kubwa ya dhoruba ya bara ilihesabiwa kumwagika kwa dakika 45, wakati ya pwani ilipewa saa 4, na ukanda wa Aberdare na Uluguru ukawekwa katikati kwa saa 2. Kanuni yao ya ukali wa mvua inamaliziwa na kipeo kinachobadilika kwa kanda: 0.96 bara, 0.76 pwani.

Tuchukue milimita 120 za siku moja tuziweke katika kanuni hiyo. Pwani, saa moja iliyo kali kuliko zote inatoa karibu milimita 45. Bara, saa hiyo inatoa karibu milimita 81. Mvua ya siku ni ileile, lakini maji ya saa moja yanakaribia kuwa maradufu. Anayebeba jedwali la pwani kwenda nalo bara ameacha karibu nusu ya maji nje ya mchoro wake. Na yupo mwingine, wa hatari kuliko wote, anayechukua zile milimita 120 akazigawa kwa saa 24, akaandika milimita 5 kwa saa. Mtaro wake utajaa kabla watu hawajaanua nguo.

Hata anayetafuta namba sahihi anaweza kuanguka mlangoni. Katika kanuni ya TRRL muda huhesabiwa kwa saa, na namba inayoongezwa kwenye muda ni theluthi moja ya saa. Programu nyingi huhesabu muda kwa dakika, kwa hiyo theluthi hiyo inapaswa kuingia kama 20. Anayeandika 0.33 bila kusoma vipimo ameharibu jedwali zima, hasa kwenye mvua fupi zinazoamua ukubwa wa mitaro ya mitaani. Vivyo hivyo kwa inchi na milimita. Jedwali likishajazwa lipimwe kwa mkono: chagua mvua ya dakika 15 na ya saa moja, piga hesabu kwa kalamu, ulinganishe na inachosema programu. Ni kazi ya muda mfupi, na asiyeifanya hana haki ya kuweka muhuri wake.

Nitaambiwa kwamba mvua kubwa kwenye hesabu ina maana ya mitaro mikubwa, na fedha hatuna. Tupige hesabu hiyo pia. Mtaro wa saruji wenye upana wa mita 2 na kina cha mita 1.5, ukitakiwa kubeba maji mara 1.8 kwa mteremko uleule, hauhitaji kukua mara 1.8. Unahitaji kupanuka na kushuka kwa robo tu: upana mita 2.5, kina kama mita 1.9. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuandika namba ya kweli na kuandika namba ya kubahatisha: nusu mita ya upana na sentimita kama 40 za kina. Mtaro mdogo ukishajengwa, kuupanua ni kuvunja saruji, kufunga barabara, kulipa fidia na kujenga upya. Anayesema hana fedha za kujenga vizuri mara moja atueleze anazitoa wapi fedha za kujenga mara mbili.

Nitaambiwa pia kwamba tatizo ni taka. Taka ni tatizo, na kila mtaa unalijua. Lakini mtaro mdogo uliosafishwa ukang'aa bado ni mtaro mdogo. Tusimtume mama lishe na kijana wa bodaboda wakazibue asubuhi kile ambacho mhandisi alikibana tangu kwenye mchoro.

Hoja ninayoiheshimu ni moja: kwamba data za ukali wa mvua ni ngumu kupatikana. Ni kweli, na hapa lawama inamtoka mhandisi peke yake na kuiendea serikali. Vituo vingi vya mvua husomwa mara moja kwa siku, saa 3 asubuhi. Anayesoma anapata jumla ya saa 24, hapati habari ya ile nusu saa iliyobomoa nyumba. Kwa nusu saa hiyo kunahitajika kipima mvua kinachojiandikia chenyewe, na miaka mingi ya kumbukumbu zisizokatika. Vipo vichache, na kumbukumbu zake ni hazina ya taifa.

Hazina hiyo inawekwaje? Mhandisi wa Marekani anafungua ramani ya taasisi yao ya bahari na anga, NOAA, anagusa sehemu yoyote iliyokwisha kufanyiwa kazi, na bila kulipa senti anapata jedwali kuanzia mvua ya dakika 5 hadi ya siku 60, ya mwaka mmoja hadi ya miaka 1,000. Hapa kwetu data ya mvua huandikiwa barua, husubiriwa, hulipiwa. Mwananchi amelipa kodi ikanunua kipima mvua, akalipa mshahara wa anayekisoma, kisha namba iliyotoka humo inauzwa kwa anayetaka kumjengea mtaro. Namba ya mvua ni ya uhai wa watu. Kuifanya bidhaa ya kuuzwa ni kuwasukuma wahandisi wakimbilie faili ya mfano, kwa sababu faili ya mfano ni ya bure na imo ndani ya programu tayari.

Hata hivyo ugumu wa kupata data hauhalalishi kubuni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kumbukumbu za kila siku zipo, kanuni ya 1974 ipo, na kwa hizo mbili mhandisi mwenye dhamira anaweza kutengeneza jedwali la mahali, akaandika wazi limetoka kituo gani na miaka ipi, akaacha wengine walipinge. Na huu ndio uchungu wangu mkubwa: kanuni tunayoiegemea ina zaidi ya nusu karne. Ilitungwa wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikiwa hai, nayo ilivunjika mwaka 1977. Tangu hapo miji imezaa miji, na hewa imepata joto, na kila nyuzi moja ya joto inaiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7. Tunapaswa kuwa tunabishana kuhusu kiasi cha kuongeza juu ya mvua ya zamani. Badala yake wapo ambao hata hiyo ya zamani hawajaiandika.

Si kwamba hatuna uwezo. Kupitia mradi wa ramani wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam walitembea mitaani wakichora mitaro na maeneo yanayofurika, na ramani zao zikawekwa wazi kwa yeyote. Vijana walioweza kuipima mifereji ya jiji wanaweza kutunza vipima mvua kwenye mapaa ya shule zao. Kinachokosekana ni amri.

Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Sidai kwamba kila mmoja wao aliuawa na jedwali la kompyuta; mito ina sababu zake, na mipango miji ina madhambi yake. Nasema kwamba nchi iliyozika watu hao haina ruhusa ya kubahatisha namba inayoweza kupimwa.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na nayadai sasa. Mamlaka ya Hali ya Hewa iyaweke majedwali ya ukali wa mvua ya kila kituo chenye kumbukumbu za kutosha mahali pa wazi, bure, na yasahihishwe kila baada ya miaka michache. Wakala za barabara, TARURA na TANROADS, na kila halmashauri waandike katika hadidu za rejea kwamba ripoti ya usanifu wa mitaro ianze na ukurasa wa mvua: kituo, miaka ya kumbukumbu, kanuni, vipimo, na hesabu ya mkono iliyothibitisha kilichoingizwa kwenye programu. Na Bodi ya Usajili wa Wahandisi iuhesabu muhuri uliopigwa juu ya mvua isiyo na chanzo kuwa utovu wa maadili ya taaluma, wenye adhabu.

Nanyi madiwani na wenyeviti wa mitaa, mchoro wa mtaro ukiletwa mezani kwenu, msianze na bei. Ulizeni mvua iliyotumika imepimwa wapi na lini. Mhandisi asiyeweza kulijibu swali hilo mmrudishie mchoro wake siku hiyohiyo, hata kama zabuni imeshatangazwa na mgeni rasmi ameshaalikwa.